Hatua Sita za Delfina Wasing

Mguu wa kushoto wa Basilio Wasing ulibaki kwenye shamba la kabichi la watu, chini ya barabara ya Halsema, kwenye milima ya Ufilipino, na kwa muda mrefu kijiji kizima kilijua nani wa kulaumiwa. Ni Basilio mwenyewe, aliyenunua matairi ya bei rahisi.

Hayakuwa ya bei rahisi. Yalikuwa ghali kuliko yote dukani, ya jina kubwa ambalo madereva wa mboga hulitaja kwa heshima, na Basilio alikuwa ameyafunga kwenye lori lake siku kumi na moja tu kabla ya la mbele kupasuka mteremkoni, lori likiwa na tani mbili za kabichi mgongoni. Lakini mtu aliyelala hospitali mjini Baguio hawezi kupita nyumba kwa nyumba akijitetea. Wageni walikuja na machungwa, wakaketi ukingoni mwa kitanda, wakatikisa vichwa. "Pole, kaka. Siku nyingine usibane sana mfuko."

Mkewe, Delfina, aliyasikia hayo siku ya tatu. Alipanda basi la kurudi mlimani, akateremka matuta ya mashamba kwa mikono na miguu, na kesho yake akaingia wodini amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye shuka. Muuguzi alipotaka kujua ni nini, alisema ni chakula. Kilikuwa kipande cha tairi.

"Umeleta nini tena?" Basilio aliuliza.

"Kilichokukata mguu."

Alikikunja mbele ya macho yake. Mpira ukafunguka nyufa ndogondogo, kama kisigino cha mtu wakati wa baridi. "Hili si jipya, Baba Jovelyn. Jipya haliwi hivi. Nataka kujua lina umri gani."

Basilio alidhani uchungu umempanda kichwani. Walikuwa wakulima wa karoti. Kuhusu matairi, mkewe alijua kwamba ni meusi na huzunguka. Lakini Delfina alikuwa na tabia moja aliyotoka nayo kwao: swali likishamwingia halali naye chumba kimoja. Aliizunguka Baguio na kile kipande. Mafundi wanne walimfukuza. Wa tano, mzee mmoja aitwaye Teopisto aliyeziba pancha nyuma ya stendi ya mabasi, alikitemea mate, akakifuta kwa kidole gumba, akamwonyesha namba nne ndani ya kiduara: 1907.

"Wiki ya kumi na tisa, mwaka elfu mbili na saba," mzee alisema. "Lilikaa stoo miaka kumi, mama. Wakalipaka mafuta, likang'aa. Mumeo kauziwa maiti iliyovishwa suti."

Duka lililowauzia lilikuwa limeshafungwa na mwenyewe kuhama. Hakukuwa na wa kumshika. Hapohapo kibandani, Delfina akamwomba Teopisto amfundishe kazi.

"Kazi hii inavunja mgongo," mzee alimwambia.

"Nimelima karoti miaka ishirini. Mgongo ulishavunjika, nimebaki na mazoea."

Basilio alipotoka hospitali na magongo mawili, alimkuta mkewe anaweza kulivua tairi la lori kwenye rimu kwa vyuma viwili na goti. Walijenga kibanda cha mabati kwenye kona ya barabara, pale malori yanapopumzisha breki, wakaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: PANCHA. UPEPO. KAHAWA. Kahawa ilikuwa idara ya Basilio. Aliikaanga, akaitwanga, akaimimina, na kwa kuwa alikuwa amekaa muda wote, yeye ndiye aliyeyasikia maneno yote.

Mwanzoni maneno yalikuwa ya dhihaka. Dereva mmoja, Cipriano Depnag, mwembamba, baba wa watoto wanne, aliegemea nguzo akamtazama Delfina akihangaika na nati iliyoshika kutu. "Dada, hiyo haing'oki kama karoti."

"Ingekuwa karoti ningekuwa nimeshaichambua," alijibu bila kuinua uso. "Na wewe ningekutupa kwenye fungu la ng'ombe. Umeoza ncha."

Madereva walicheka hadi kahawa ikawapalia, na tangu siku hiyo Cipriano hakuziba pancha kwingine.

Jambo alilolifanya Delfina na ambalo mafundi wengine hawakulifanya ni kusoma. Kila tairi lililopita mikononi mwake alilisoma ubavu, akabonyeza mpira kwa ukucha, akapima kina cha kashata, ile michirizi inayoshika barabara, kwa kijiti alichokichonga mwenyewe. Alimwambia mtu ukweli hata kama hakuuliza. Wenye matairi ya majina makubwa walikasirika kuambiwa yamezeeka. Wenye ya bei nafuu walishangaa kuambiwa yao ni mazima. Basilio alimwangalia akipoteza wateja kwa ukweli, na mara mbili au tatu alimshauri apunguze. Delfina alimtazama mguu, yaani mahali mguu ulipokuwa, akaendelea na kazi.

Mwaka wa tano wa kibanda, mfanyabiashara kutoka mjini aitwaye Arsenio Villaruz alipanda mlima na lori limejaa matairi kutoka ng'ambo, mapya kabisa, nusu ya bei iliyozoeleka. Alikuwa mtu mnene mwenye ulimi mtamu. Alitaka Delfina ayauze, na kwa kila moja atapata chake.

Kibanda kiligawanyika siku hiyo hiyo. "Kwa bei ile nafunga yote sita na mtoto anapata viatu," alisema Cipriano. Mwingine akamwambia viatu hivyo atavivaa kwenye mazishi. Wakabishana mpaka birika likakauka, kisha wote wakamgeukia Delfina wakingoja neno. Hapo Basilio alijua atasema nini, maana aliishi naye.

"Sijui," alisema Delfina.

"Hujui vipi, dada? Wewe si ndiye fundi?"

"Nimeyasoma. Ni ya mwaka huu, mpira ni laini, hayana uvimbe. Hayo nayajua. Kusimama kwenye mvua sijui. Hakuna aliyeandika ubavuni." Akamgeukia Villaruz. "Niachie sita. Nikimaliza nitakwambia kama nayauza."

Villaruz alicheka, lakini aliacha.

Alichotaka kukifanya kilikuwa rahisi kukieleza. Lori moja, dereva mmoja, mzigo mmoja wa kabichi, kwenye kipande cha barabara ya saruji kilichonyooka karibu na kanisa, Jumapili mchana baada ya misa, mvua ikinyesha. Kwanza na matairi ghali ya Cipriano, yaliyokuwa na miezi sita, kisha na yale ya Villaruz. Atachora mstari kwa chokaa. Lori likiufikia kwa spidi arobaini, dereva akanyage breki, naye atapima kwa hatua.

Tatizo likawa mshale wa spidi. Lori la Cipriano lilikuwa na mshale uliokufa zamani, na saa ndogo ya namba waliyoifunga badala yake ilikaa chini karibu na gia, mahali ambapo dereva hawezi kuitazama huku akiutazama mstari. Alihitajika mtu wa kukaa kiti cha pembeni na kusoma namba kwa sauti.

Tangu ajali, Basilio hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Akienda kliniki alikaa nyuma kabisa ya basi, macho amefumba, midomo ikisali. Delfina alilijua hilo na hakumtazama. Alikuwa anawatazama madereva wengine, akichagua.

"Nitasoma mimi," alisema Basilio.

Delfina alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Una uhakika, Baba Jovelyn?"

"Macho hayakukatwa."

Wanaume wawili wakampandisha. Ndani ya kabini kulinuka matope na majani ya kabichi, harufu ileile ya siku ile, na jasho likamtoka licha ya baridi. Cipriano, aliyekuwa na mdomo kwa kila jambo, safari hii hakutania. "Ukitaka tusimame, shemeji, niguse bega tu."

"Endesha."

Lori lilikokota, likashika mwendo. Mvua ilipiga kioo. Basilio alikaza macho kwenye ile namba ndogo kama mtu anayeshikilia ukingo wa kisima. "Ishirini na tano. Thelathini. Thelathini na sita. Arobaini." Breki zikalia, kifua chake kikagonga mkanda, dunia ikasimama. Alipoinua macho, alimwona mkewe kwenye mvua, kofia ya nailoni kichwani, anatembea kutoka kwenye mstari wa chokaa kuelekea kwao kwa hatua zilizo sawasawa, midomo ikihesabu. Hakuwa na haraka. Basilio alifikiri kwamba hajawahi kumwona mtu anayejali kitu kwa utulivu kiasi kile, na hofu ikamlegea kidogo, si yote.

Walirudia mara tano. Wakabadilisha matairi pale pale, wanaume wakifungua nati na Delfina akikagua kila moja, wakarudia mara tano nyingine. Watu waliotoka kanisani walikaa chini ya miamvuli, wakala viazi vitamu vya kuchemsha, wakahesabu naye kwa sauti.

Matairi ghali yalisimama kwa hatua kumi na tisa, ishirini. Ya Villaruz yalisimama kwa ishirini na tano, mara moja ishirini na sita. Siku mbili baadaye, barabara ilipokauka, walijaribu tena, tofauti ikawa hatua moja tu.

"Hatua sita," alisema Delfina. "Kwenye mvua ni hatua sita."

Villaruz alipokuja kuchukua jibu alilipokea vibaya. Hatua sita ni nini kwa mtu anayeokoa nusu ya bei? Delfina alimshika mkono, akampeleka ukingoni mwa barabara mbele ya kibanda, akapiga hatua sita kuelekea bondeni. Aliishiwa na ardhi kwenye ya nne. Alirudi, akammiminia kikombe cha kahawa, akampa.

"Si matairi mabaya, bwana Arsenio," alimwambia. "Nitayauza. Lakini nitawaambia watu haya niliyoyaona, wote, kila mara. Anayezunguka bondeni kwenye tambarare, ayanunue na asione haya, pesa yake haijapotea. Anayeshuka na mboga peke yake, ayanunue akijua aanze kushika breki mapema. Anayebeba watu simfungii."

Villaruz alikunywa kahawa yote kabla ya kujibu. Mwishowe alisema hajawahi kupata muuzaji wa namna hiyo, na kama kuna hasara ataiona. Hasara haikuja. Watu walinunua, kwa sababu waliambiwa walichokuwa wananunua.

Aliyekasirika kweli alikuwa Menandro Kitani, mwenye gari la abiria lililobeba wanafunzi asubuhi na alasiri. Alitaka manne, Delfina akakataa. Akaongeza sauti, Delfina akajaza upepo kwenye tairi la mtu mwingine. Menandro akaenda kuyanunua na kuyafunga mjini, na tangu hapo kila akipita kwenye kona alipiga honi mara tatu na kutoa kichwa dirishani. "Bado nipo, mama pancha!"

"Nashukuru," Delfina alijibu kila mara, na Basilio peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuwa anatania. Siku za mvua aliacha kazi mkononi mpaka honi ile isikike.

Haikutokea ajali. Mvua za mwaka ule zilipita, na za mwaka uliofuata. Siku moja Menandro alisimamisha gari badala ya kupita, akaja hadi kwenye birika, akaomba kahawa kama mtu asiye na ugomvi na yeyote.

"Kashata zimebaki kidogo," alimwambia Basilio, kwa sauti iliyokusudiwa kufika mbali zaidi. "Yameisha haraka, lakini yameisha sawasawa. Sikuwahi kuteleza." Akapuliza kikombe. "Kwenye mvua namwachia aliye mbele yangu hatua saba za ziada. Saba, siyo sita. Mwambie mkeo."

"Yuko pale. Ana masikio."

Delfina alikuwa amepiga magoti kando ya rimu na hakugeuka. Mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo bila kutaka waone waliomtwisha. "Ukija kubadilisha," alisema, "niletee nisome namba kwanza. Ya bei yoyote."

Sasa chama cha wasafirishaji wa mboga humwita kila mwanzo wa mvua kukagua magari yote kabla hayajashuka mlima. Huenda na kijiti chake. Mwaka jana alimkataza mtu mwenye lori jipya linalong'aa kuliko yote, kwa tairi moja la jina kubwa lenye umri wa miaka minane, na mtu yule akalivua bila ubishi. Siku hizo za ukaguzi Basilio hufunga kibanda, humwachia jirani birika, na hupanda lori la Cipriano, kiti cha mbele, kwenda kumfuata.