Maombi Nyuma ya Pikapu

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa mahali pamoja nusu saa, miguu inaanza kuniwasha, na ndiyo maana kazi ya kubeba maziwa ilinifaa. Nilitoka nyumbani Matisi alfajiri, nikaenda Naitiri kukusanya mitungi kwa wakulima, nikarudi nayo mjini Kitale kabla jua halijawa kali. Pikapu yangu ni ya dizeli. Kwenye matope ya Naitiri haijawahi kuniaibisha, na mtu akiisema vibaya naona nimetukanwa mimi.

Ila dizeli haipendi baridi ya Kitale. Lazima uiwashe na kuiacha ingurume kama dakika kumi kabla ya kuondoka. Mama yangu, aliyehamia kwangu kutoka Bungoma baada ya baba kufariki, alizitumia dakika hizo kuliombea gari. Alitoka amejifunga leso juu ya sweta, akazunguka nyuma, akaweka viganja kwenye mlango wa bodi na kufumba macho. Nyuma, si mbele. Riziki imebebwa nyuma, alisema, huko mbele ni kwa fundi. Na injini ilibidi iwe inanguruma, kwa sababu gari lililozimwa haliendi popote, sasa unaliombea nini? Akishaanza, hata mvua haimkatizi. Mimi nilibaki kwenye usukani nikiupigapiga kwa vidole, nikimtazama kwenye kioo hadi midomo yake iseme amina. Kuisikia sauti yake haikuwezekana.

Mwaka jana pikapu ilianza kuishiwa nguvu. Nilikuwa nimeenda Bungoma kwa shughuli za ukoo, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa pale. Alilala chini yake kidogo, akatoka akijifuta mikono.

"Madam, ni hii filta ya moshi. Imejaa masizi. Hizi magari za ng'ambo bana, zinatengenezewa barabara za huko. Si tutoe tu?"

"Haina ubaya?"

"Ubaya gani? Kila mtu anatoa."

Akaikata, akachomelea bomba tupu mahali pake. Nilirudi kupitia Webuye nikiyapita malori kwenye mlima huku nikiimba. Kwenye kioo niliona wingu jeusi likinifuata. Nilicheka peke yangu, nikasema moshi ni wa wanaobaki nyuma.

Miezi michache baadaye, Jumapili moja baada ya kanisa, ndugu yangu mdogo alikuja kula kwetu. Yeye ameajiriwa na serikali huko Bungoma, na akishashiba lazima aanzishe mjadala.

"Dada, hii dizeli yako imepitwa na wakati," alisema. "Huko ng'ambo kuna miji imeanza kuzikataa. Watu wanaenda na za umeme."

"Umeme upi? Huu unaopotea wingu likipita?"

"Ati unatetea moshi?"

"Natetea maziwa. Hiyo ya umeme ije Naitiri mvua ikinyesha, tuone itavutwa na ng'ombe wangapi."

Mama alicheka sana, na kile kicheko kikageuka kikohozi. Tulisubiri kiishe, hakikuisha. Alishika ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka, na nikasikia kifua chake kikilia filimbi. Ndugu yangu alinitazama. Mimi nilitazama ugali.

Kesho yake nilimpeleka kliniki. Daktari, msichana mpole, alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Nyumbani mnapika kwa kuni?"

"Ndiyo," nikajibu haraka.

Tunapika kwa gesi. Mama alinitazama lakini hakunikosoa. Nilipewa dawa ya kuvuta na onyo kwamba mgonjwa akae mbali na moshi wa aina yoyote, la sivyo kifua hicho hakitapona. Nilitoka pale nikitembea mbio, mama akinifuata polepole, na nililazimika kurudi kumshika mkono.

Wiki hiyo sikujua niweke wapi mwili wangu. Niliosha pikapu mara mbili kwa siku. Nilibadilisha oili ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Nilimpigia fundi simu kumuuliza habari za filta yangu, akaniambia ilishaenda na watu wa vyuma vikuukuu, kisha akacheka, nami nikamkatia. Niliwaza kuliuza gari, nikawaza wale wakulima wakiwa wamesimama barabarani na mitungi yao. Nilimkasirikia ndugu yangu kwa kuwa alisema kweli. Nikamwomba mama awe anaombea barandani.

"Huko barandani nitakuwa naombea gari ama kuku?" akasema, akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alikuwa pale pale, viganja kwenye bodi, moshi ukipanda kwenye leso yake. Nilivumilia dakika mbili. Kisha nikazima injini, nikashuka nimekasirika, tayari kumtoa kwa nguvu ikibidi.

Hakuacha kuomba. Ua ulikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nikasikia maneno yenyewe, kwa lugha yetu ya nyumbani, yakikatwakatwa na filimbi ya kifua.

"Na huyu mtoto, Baba, asijue ni huu moshi unaonisumbua. Akijua ataacha kazi yake. Nipe pumzi ya leo tu, na kesho nitakuomba tena. Amina."

Nilisimama kando ya gurudumu nikiwa na ufunguo mkononi. Niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni. Mama alifumbua macho, akashtuka kunikuta hapo.

"Mbona imezima? Watu wa Naitiri wanangoja."

"Betri, mama," nikasema. "Betri imekufa."

Aliitazama pikapu, akanitazama na mimi. Kisha akakunja mikono ya sweta, akavuta pumzi moja ndefu iliyokwama katikati, akaegemeza viganja vyote viwili kwenye mlango wa bodi.

"Basi ingia ushike usukani," akasema. "Mimi nitasukuma."