Chai ya Mchana wa Ramadhani

Mwaka wa nne wa ndoa yangu nilikuwa mkalimani kwenye kliniki moja ya Garissa. Nesi alitoka bara, mtu mpole, Kisomali chake kiliishia kwenye salamu. Siku hiyo aliwafundisha wanawake kuhusu ugonjwa wa homoni: mwanamke haoni siku zake kwa miezi, ndevu zinamwota kidevuni, mimba haishiki. Nilitafsiri nikiwa nimejitanda mtandio mpaka mdomoni, maana ndevu zenyewe nilikuwa nimezing'oa kwa uzi asubuhi ile.

Hakuna aliyejua. Mwanamke aliye katika siku zake hafungi, na nyumbani kwetu wanawake hujuana kwa hilo. Asiyekula hata siku moja, na mimba hana, huanza kusemwa. Basi Ramadhani tatu mfululizo niliigiza. Siku sita za kila moja nilijifanya niko mwezini, na mama mkwe, masikini, akanipikia chai ya maziwa ya ngamia na kuniletea kwa mkono wake. Niliinywa moyo ukiniuma, kwani sikuwa na udhuru wowote. Lakini mume wangu alishatajiwa binti wa kuoa, kutoka mji wa Bute, na niliogopa talaka kuliko nilivyomwogopa Mungu. Najua ni neno baya kuandika. Ndivyo ilivyokuwa.

"Nani hapa hapati siku zake?" nesi aliuliza.

Nikatafsiri. Nani angejibu hilo mbele ya mkwewe? Wangu alikuwa ameketi mstari wa kwanza.

"Kama hakuna, dada, tufunge," nesi akasema. "Daktari wa wanawake yupo leo tu. Kesho anarudi Nairobi, na sijui kama atakuja tena."

Nilihisi mlango unafungwa usoni mwangu. Nikawageukia wanawake, nikauliza swali langu mwenyewe: "Ni nani, hana mimba, hanyonyeshi wala hajazeeka, ambaye Ramadhani iliyopita damu haikumkatiza funga hata siku moja?"

Walitazamana. Mikono mitatu ikainuka, polepole. Wa nne ukawa wangu.

Mama mkwe aliutazama mkono ule, uso wangu hakuutazama.

"Na ile chai niliyokuwa nakupikia?"

Nesi akaniuliza mama anasema nini.

"Anauliza kuhusu chai," nikamwambia.