Pipa Lililotazama Jikoni

Juzi jioni nilikuwa nimekaa Forodhani, kwenye ukuta, nikamwona kijana anabanika samaki ndani ya pipa lenye dohani. Upepo ukageuka, moshi ukamwendea mteja usoni. Kijana alilisukuma pipa kwa mguu, likazunguka juu ya magurudumu yake, moshi ukaelekea baharini. Yakaisha. Mteja akaendelea kula, na mimi mshikaki niliokuwa nao mkononi ukanishinda.

Maana na mimi, rafiki yangu msomaji, niliwahi kutengeneza pipa kama lile. Ilikuwa Mkokotoni, utotoni, nilipokuwa nikiishi na bibi yangu.

Bibi alikuwa akikausha samaki kwa moshi na kuwauza sokoni. Kichanja chake kilikuwa cha fito, ndani ya banda la jiko, juu ya shimo la moto wa makumbi ya nazi, naye aliinama hapo tangu alfajiri akigeuza vibua na changu. Kanga zake zilinuka moshi hata zikitoka kufuliwa. Kila nikisikia mlango wa nyuma unalia, nilijua ametoka kupangusa machozi. "Macho haya yatanikimbia kabla ya miguu," alikuwa akisema, kisha anacheka. Mimi sikucheka. Nilijiapia nitamtengenezea kitu cha kuufungia moshi ndani, macho yake yapone.

Pipa nililiokota ufukweni, limeshaanza kuingia kutu. Lilikuwa la mafuta ya taa, nikaliwashia moto ndani mpaka harufu ikatoka. Jirani yetu fundi bati, aliyekuwa akitengeneza vibatari kwa makopo, alinikatia mlango kwa tindo na nyundo, na mtaa mzima ukaziba masikio. Bawaba zilitoka kwenye kabati lililoliwa na mchwa. Wavu wa kulazia samaki niliukata kwenye kitanda kibovu cha chuma, na dohani ikawa kipande cha bomba la maji ya mvua. Halafu waashi waliokuwa wakikarabati birika la msikiti wakanipa saruji iliyowabakia. Saruji hiyo ndiyo iliyonitia kiburi. Nililisimamisha pipa mbele ya banda la jiko, mlango wake umetazama jikoni ili bibi awafikie samaki akiwa kivulini, nikaligandisha chini kwa mawe na saruji.

"Hili sasa haliendi popote," fundi alisema, akilipiga teke. Nikaona nimesifiwa.

Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini. Moshi ulitoka kwenye dohani ukaenda zake mbali na jiko, bibi amekaa mlangoni kwenye kibao chake, macho makavu, anachagua mchele huku samaki wakipata rangi ya asali. Siku moja nilitia makonyo, vile vijiti vya karafuu, motoni, nikidhani naongeza utamu. Jirani yetu muuza ndizi akaonja, akashika shavu.

"Bi mkubwa, samaki huyu wa kula au wa jino bovu?"

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka, akanielekezea kidole. "Fundi wangu huyo, anajaribu. Usimwonee."

Kisha kaskazi ikatulia, kusi, upepo wa kusini, ikaingia pamoja na mvua za masika. Upepo ukauchukua moshi wote ukausukumiza jikoni. Mtoto wa pwani huzijua pepo hizi kabla hajajua kusoma, na mimi nilijenga kama kwamba mwaka mzima ni msimu mmoja.

Mchana mmoja nilirudi kutoka skuli nikamkuta bibi amekaa uwanjani juu ya jiwe, upande wa pili wa pipa, gunia kichwani, mvua inammwagikia, mkono ameuzungusha kuufikia mlango wake.

"Bibi, mbona uko mvuani?"

"Nnapunga hewa, mjukuu wangu."

"Hewa gani!" akadakia muuza ndizi, aliyejibanza chini ya upenu. "Pipa lako limemfukuza jikoni kwake. Si uling'oe ulihamishe, fundi?"

"Halitoki," nikasema. "Na upepo utageuka wenyewe."

"Mwache," bibi akamwambia. "Mie kanijengea mjukuu wangu. Wewe kakujengea nani?"

Lilikuwa linatoka. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na tindo lilikuwa pale pale kwa fundi. Lakini kulivunja kungekuwa kukiri mbele ya wenzangu kwamba nimekosea. Bibi aliliona hilo usoni mwangu, akaninyamazia. Mvua ikizidi alirudi ndani, kwenye moshi.

Baadaye nikaja mjini kusoma sekondari. Likizo kubwa ilikuwa Disemba, na Disemba ni kaskazi. Kila nilipofika nilimkuta kwenye kibao chake, moshi unakwenda zake, nikajiambia: unaona, halina neno. Miezi ya kusi sikuwapo. Uzeeni macho yake yaliingia ukungu, akawa ananijua kwa sauti. Nikimwambia shikamoo, ananipapasa uso kwanza ndipo aseme marahaba. Hata hivyo bibi alimwonyesha kila mgeni pipa lilipo na kumwambia nani alilitengeneza. Hakuna daktari aliyeniambia ni moshi. Wala mimi sikuuliza.

Jana nilikwenda Mkokotoni. Banda la jiko halipo, mahali pake pana kiduka cha vocha za simu. Fundi bati hayupo, muuza ndizi hayupo, na ile harufu ya makumbi iliyokuwa ikitupokea tukitoka chuo cha Kurani haipo tena. Pipa limekwisha kwa kutu. Iliyobaki ni saruji tu, duara la mawe mbele ya duka, na pembeni yake, upande usio na kivuli, jiwe alilokuwa akikalia bibi.

Mwenye duka aliniona nimesimama nalitazama lile duara la saruji.

"Shikamoo, mzee. Hilo linatukwaza kila siku. Tumejaribu kuling'oa, halitoki."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu. "Zamani lilikuwa linatoka."