Kiraka cha Mizani ya Busia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi mpya ya rangi, nikaambiwa nipanguse vumbi la mahindi ndani ya kompyuta. Ghala la nafaka lilikuwa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mimi nilitoka Kwapa, wilaya hiyohiyo, nimeishia kidato cha pili, na ufundi niliokuwa nao ulikuwa wa redio. Msimamizi wa Mitambo alikuwa Mama Nyaketcho, mzaliwa wa Iyolwa. Alinitazama nikipangusa, kisha akauliza, "Wewe unataka kujua ndani mna nini, ama unataka mshahara tu?"

Nikamwambia vyote viwili.

"Basi uliza. Mimi sichoki kuulizwa."

Tulimzika mwezi uliopita. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, kwa sababu karibu kila ninachokijua ni jibu alilonipa yeye.

Baada ya Tororo tulihamishiwa Busia, mpakani na Kenya, kwenye mizani ya malori ya kampuni ileile. Lori likipanda, kamera inapiga picha, programu inasoma uzito, karatasi inatoka. Ndani ya kompyuta yoyote kuna kiini cha mfumo, sehemu inayozigawia programu zote memori, yaani nafasi ya kufanyia kazi. Kiini chetu kilikuwa cha toleo linaloitwa tulivu: haliongezewi mambo mapya, hurekebishwa makosa tu. Kuweka cha toleo jipya hatukuweza. Kadi iliyounganisha mizani na kompyuta ilitengenezwa na kampuni iliyokwisha kufungwa, na haikukubali kiini cha toleo jingine.

Shida ilikuja wakati wa mavuno. Foleni ikirefuka, picha zilijaza memori. Kiini kilipaswa kuziondoa zile zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye diski, lakini kilidhani kimeishiwa nafasi kabisa, kikaizima programu kubwa kuliko zote ili kijiokoe. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mizani. Lori liko juu, uzito umepotea, dereva anashuka na matusi.

Meneja, mtu wa upande wa Kenya, alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, hii mashine ikilala tena msimu huu, wenye mahindi watahamia mizani ya jirani. Na sisi wote tutaenda nyumbani. Sitanii."

"Hailali, bosi. Programu ndiyo inazimwa."

"Kwa dereva ni kitu kimoja."

Mama Nyaketcho alitafuta, akakuta kosa hilo lilikwisha kurekebishwa katika toleo jipya na mtu wa nchi ya mbali. Rekebisho kama hilo huitwa kiraka: mistari michache inayosema ondoa hii, weka hii. Kukichukua kiraka cha toleo jipya na kukishonea toleo la zamani ndiko tunakoita kukirudisha nyuma.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kiraka kiliingia bila kompyuta kulalamika. Tukakijenga kiini upya, tukakiweka kwenye kompyuta ya akiba iliyokuwa stoo, tukaimwagia picha. Programu haikuzimwa. Ila mashine nzima iliganda, na hapakuandikwa kosa popote.

"Imekufa," nikasema.

"Haijakufa. Inangoja. Inangoja nani?"

Swali hilo lilinikaa kichwani hata nikila. Tulisoma mstari kwa mstari, toleo lile na letu, mpaka tukaona. Memori hulindwa na kufuli, ili sehemu mbili za kiini zisiibadilishe kwa pamoja. Katika toleo jipya, anayeingia kwenye memori hufunga kufuli kabla ya kuingia. Katika letu, hufungwa akishaingia. Kiraka kilifunga kwa desturi ya kwao, kikaingia, kikatakiwa kufunga tena kufuli ileile, kikakaa kusubiri aliyeishika aiachie. Aliyeishika ni kiraka chenyewe.

Mama Nyaketcho alicheka mpaka akavua miwani. "Unamkumbuka Wafula?"

Wafula alikuwa dereva wetu. Zamani mpakani ulipigwa muhuri wa kutoka upande wako, halafu wa kuingia upande wa pili. Jengo jipya lilipofunguliwa, mihuri yote miwili ikawa inapigwa kule unakoingia. Wafula alishinda kwenye dirisha la zamani, akimngoja ofisa aliyekwisha kuhamia ng'ambo.

"Hiki kiraka ni Wafula," akasema. "Karatasi zake safi. Desturi ndiyo hakuijua."

Nikauliza kwa nini tusilete pia kiraka kile kilichobadilisha desturi yenyewe.

"Hicho kitaita ndugu zake, na wao wataita wengine. Mwisho tutakuwa tumeleta kiini kipya chote, kadi ya mizani itakataa."

Basi aliiondoa ile mistari ya kufunga nje, kisha akausogeza ukaguzi wa kama picha imekwisha kuhifadhiwa ndani ya kufuli yetu, picha isije ikaondolewa huku programu nyingine inaisoma. Tukaimwagia picha tena. Mshale uliendelea kutembea kwenye skrini, nasi tukakihamishia kiini hicho kwenye kompyuta ya mizani.

Kazi hii ina desturi yake. Ukirudisha kiraka nyuma, jina la aliyekiandika mwanzo linabaki juu. Chini yake unaeleza ulichobadilisha na sababu, kisha unaweka jina lako. Mama Nyaketcho aliweka lake, akaniambia niweke langu.

"Kikiharibika watanitafuta mimi," nikasema.

"Ndiyo kazi ya jina."

Mavuno yalipopamba moto, foleni ilipita hata geti la mizani. Meneja alisimama mlangoni muda mrefu. "Leo sijasikia matusi," akasema, akaondoka. Tukabaki kazini mpaka kila mmoja wetu alipostaafu kwa zamu yake.

Kule Iyolwa, baada ya mazishi, kaka yake alikuja kukaa karibu nami. Alitaka kujua dada yake alikuwa anatengeneza nini hasa miaka yote ile. Nikamsimulia habari ya kiraka.

"Kwa hiyo kitu chenyewe kilitengenezwa na mtu mwingine."

"Ndiyo. Yeye alikifanya kikubali kwetu."

"Huyo mtu anajua?"

"Hajui."

Akauliza, "Na malori?"

"Yanapimwa."

Akatikisa kichwa kukubali.

Siku hizi nikienda Busia napitia mizani. Kompyuta ni ileile, ingawa wanasema wataibadilisha. Lori linapanda, dereva anatazama simu yake. Mimi nasimama ukutani kwenye kivuli, na siondoki mpaka karatasi itoke.