Tarishi Anayeisafisha Baiskeli Asiyoruhusiwa Kuipanda

Saa moja asubuhi, barazani pa ofisi ya kampuni moja ya mkonge karibu na Posta, Marcelino amechuchumaa akisugua rimu ya baiskeli kwa kitambaa. Anatia mnyororo mafuta, anajaribu kengele. Kisha anaiegemeza ukutani, anatundika mkoba wa barua begani na kuondoka kwa miguu.

Hiyo ndiyo adhabu aliyopewa na meneja wake Mzungu: aisafishe kila siku, asiipande.

Marcelino, mzaliwa wa Kilimanjaro, ni tarishi kwa mwaka wa saba sasa. Huwapelekea barua wenye maduka wa Kariakoo. Zamani alimaliza kabla ya adhuhuri. Siku hizi jua linazama angali Msimbazi, viatu mkononi.

Kosa lake? Mwezi uliopita, akipita na barua karibu na nyumba yake, alimkuta mkewe, Candida, yumo katika uchungu tangu alfajiri na mtoto hatoki.

"Baba, mimi nimefika mwisho," mkunga alimwambia. "Mpeleke hospitali."

Gari hakuna. Alimpakia nyuma ya baiskeli, akaikokota mbio, mkunga akimshikilia mgonjwa asianguke. Mtoto alizaliwa hai. Barua zilichelewa, na njiti mbili za gurudumu zilikatika.

"Nilimweleza meneja kwamba mke wangu amejifungua," anasema Marcelino kwa hasira. "Akainama kutazama gurudumu. Hakuuliza hata kama mtoto ni wa kike au wa kiume."

Shukrani ya punda ni mateke, husemwa. Mimi naona punda anasingiziwa. Baiskeli iliyoegemezwa ukutani haimfai hata meneja mwenyewe, maana barua zinazochelewa ni zake. Lakini kwake ni afadhali zichelewe, mradi Mwafrika akumbuke kwamba chombo si chake. Inachukiza.

Candida, akimnyonyesha bintiye, haumi maneno. "Asingenipakia, ningekufa. Hapo wangempa ruhusa ya kwenda kuzika."

Jumapili iliyopita matarishi wa ofisi za jirani walikutana Kariakoo, nyumbani kwa mwenzao Mbaruk. Wamekubaliana kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mmoja ataacha baiskeli ya tajiri wake ukutani, mpaka Marcelino arudishiwe yake.

"Hatugomi," anasema Mbaruk. "Barua tutazipeleka. Ila tutatembea."

Marcelino anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza.

"Jumatatu nitaisugua kuliko siku zote," anasema. "Nataka meneja aione inavyong'aa wakati anasubiri majibu ya barua zake."