Ruhusa ya Mwenye Mbwa

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuwa na mbwa, na mbwa huyo alikuwa na banda zuri kuliko chumba cha kwanza nilichopanga nilipofika Dar. Lilikuwa banda la mninga, limepigwa vanishi, kazi ya mafundi wa Keko, likaletwa mpaka Tegeta kwa kigari cha mizigo, kirikuu. Lilikuwa na kasoro moja tu: mbwa hakuweza kusimama ndani yake. Alifungiwa humo alfajiri na kufunguliwa usiku, kwa sababu watu wengi wa mji huu wanaamini kwamba mbwa akizoea jua na watu hulegea, hafai tena kulinda. Wengine humtilia na pilipili kwenye chakula. Wezi wenyewe hawajawahi kuulizwa maoni yao.

Dada wa kazi aliyekuwa akimrushia ugali alipoacha kazi, hakuna aliyeichukua zamu yake. Jirani akalalamikia harufu, nasi tukaitwa. Tulikuwa wawili: mimi, mwalimu mstaafu niliyetoka bara, na mama mmoja wa Kihindi, Mshia, mwenye duka la vitambaa, aliyegeuza ua wa nyuma ya nyumba yake kuwa hospitali ya mbwa wasiotakiwa na mtu. Dini yake inahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kwa hiyo huwa anavaa glovu za mpira hadi kwenye viwiko na dera la kazi, na kabla ya kila sala anaoga na kubadili nguo. Niliwahi kumuuliza kwa nini ajitese hivyo. Alinijibu, "Mungu ana mengi ya kuniuliza, mwalimu. La mbwa nina jibu lake."

Mbwa hakutoka bandani kwa miguu yake. Tulimvuta juu ya gunia. Miguu ya nyuma ilikuwa imepinda kwa kukaa mkao mmoja, na mnyororo ulikuwa umezama kwenye nyama ya shingo. Mzee alisimama barazani akatuambia, "Mkishamtibu mnirudishie. Geti haliwezi kukaa bila mbwa." Nilitoa shikamoo yangu kama kawaida, maana shikamoo ni shikamoo hata ukiitoa kwa meno yaliyobanwa.

Tulipomfikisha uani kwa mama, daktari wa mifugo, kijana asiyependa maneno mengi, alimpima akatikisa kichwa. Figo zilikuwa zimekwisha. Tungeweza kumwekea dripu akaendelea kukauka taratibu, au tumlaze. Katika shughuli hii hakuna anayesema kuua. Tunasema kulaza, kana kwamba kesho atapita mtu kumwamsha. Nalitumia neno hilo na silipendi.

"Alazwe leo," mama alisema. "Sitaki atapike wiki nzima ili mimi nijisikie mtu mwema."

Lakini daktari alikuwa na sharti lake. Mbwa mwenye mwenyewe halazwi mpaka mwenyewe aje, asimame mbele yake, atamke kwa mdomo wake kwamba ameruhusu. Simu haitoshi. Aliwahi kumlaza mbwa kwa ruhusa ya mke, mume akarudi safari na kumfikisha polisi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumbembeleza.

Nikampigia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

Nikamweleza kila kitu. Akashusha pumzi ya madhabahuni.

"Mwalimu, uhai anatoa Mungu na anachukua Mungu. Sie ni nani?"

"Mungu ameshaanza kuuchukua, mzee. Anasuasua tu."

"Usikufuru! Tumwombee."

Nilikata simu. Mtu aliyeshindwa kumpa mbwa maji alikuwa amegundua ghafla kwamba uhai ni mtakatifu! Nilimporomoshea mama maneno ambayo mstaafu wa heshima hapaswi kuyajua. Akasubiri nimalize, kisha akasema, "Mwambie aje aombee hapa. Maombi ya kwenye simu mbwa hayamfikii."

Ujanja ukafanya kazi, kwa sababu mzee wa kanisa hawezi kukataa mwaliko wa kuomba. Ila alitaka aje Jumapili baada ya ibada, na mbwa ndiye aliyelipia uungwana huo. Siku zote hizo alilala ubavu kivulini, hainui kichwa. Tulimlowanisha ulimi kwa kitambaa.

Mzee alifika kwa suti, viatu vinang'aa, Biblia kwapani. Daktari alikuwa ameketi pembeni na mkoba wake, anajifanya amepita tu. Mzee akaweka leso puani, akaanza kuomba kwa sauti ile ya kuombea mvua. Mimi nilifumba jicho moja. Nami niliomba, kwa imani kamili, kwamba Bwana amjalie mbwa yule nguvu kidogo za mwisho amng'ate.

Bwana alimjalia nguvu. Mbwa aliposikia sauti ile alifungua macho, na mkia ukaanza kupiga sakafu. Kisha akajikokota kwa miguu ya mbele, kidogo kidogo, mpaka akafika na kuweka kidevu juu ya kiatu cha mzee. Maombi yalikatika katikati bila amina.

"Huyu ananijua?" mzee aliuliza.

"Anakujua, baba," mama alisema. "Hana mwingine wa kumjua."

"Mie nilidhani ananichukia. Nilimfungia ili awe mkali."

"Hajabweka hata kwa paka wa hapa," nilimwambia, na nilitaka imuume.

Alimtazama mbwa kwa muda, kisha akamgeukia daktari. "Anaumia sana?"

"Sana, mzee. Kesho itakuwa zaidi."

"Basi. Naruhusu."

Akataka kurudi nyuma. Mama akamshika suruali kwa glovu ileile ya najisi. "Usimwondolee mguu," akasema. Mzee akabaki pale pale.

Daktari alinyoa manyoya kidogo mguuni na kutayarisha sindano. Ana desturi ya kumwomba mtu anayejulikana na mbwa amwite kwa jina dawa inapoingia. Sisi tulikuwa tumempa mbwa jina zuri sana, nikalirudia siku nzima nikiwa na maini mkononi, na hakuwahi kugeuza hata sikio. Kwa hiyo wote tulimtazama mzee. Akapangusa uso kwa leso.

"Hatukumpa jina," alisema. "Tulikuwa tunasema tu Mbwa."

Mimi ambaye huwa siachi kitu kama hicho kipite, nilikiacha.

"Mwite hivyo hivyo," daktari alisema.

Mzee akachuchumaa kwa shida na suti yake. "Mbwa," aliita kwa sauti ndogo, na mkia ukapiga sakafu. "Mbwa." Ukapiga tena. Nilikuwa nalia kwa hasira, maana mapenzi yote yale yalikuwa yamefungiwa kwenye sanduku hatua chache kutoka mlangoni kwake, na hakuwahi kuyataka. Daktari aliingiza dawa, na mkia ulipotulia akasikiliza moyo, akakunja mpira wa kipimo chake na kuurudisha kwenye mkoba. Mzee aliendelea kuita, na hakuna kati yetu aliyekuwa na ubavu wa kumwambia anyamaze.