Simu ya Mama Haing'olewi

Simu ya mezani ya mama ilipokufa, kaka yangu mkubwa hakusikitika. Kesho yake alifika nyumbani Kibondo na simu mpya ya mkononi, akaiweka mapajani mwa mama.

"Hiyo ya mezani tuing'oe," aliniambia. "Mji mzima tumebaki nayo sisi tu."

Mama anasikia kwa sikio moja, tena kwa shida. Simu ya mkononi huigeuzageuza sikioni mpaka anaikata kwa shavu. Ile ya mezani mkonga wake ni mzito, unamjaa kiganjani, na sauti yake inamfikia. Kila asubuhi akimaliza uji alikuwa akiongea na mdogo wake aliyeolewa Kasulu. "Mwakeye," anamsalimia kwa Kiha, kisha yanafuata maharage, magoti, na nani kazikwa. Siku wasipoongea, mama hushinda kimya.

Kaka alileta fundi. Fundi akainua mkonga, akasikiliza kidogo, akaurudisha. "Laini imekufa huko nje," alisema. Hakufungua chochote. Kaka akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Hakuna atakayeng'oa kitu hapa," nikasema, "kabla sijajua kilichokufa ni nini."

"Wewe unajua mambo ya simu?"

"Sijui. Nitajua."

Walipoondoka nilitafuta bisibisi. Nilichomoa waya wa simu kwenye soketi ya ukutani, nikaupangusa, nikauchomeka tena. Kimya. Nikafungua kifuniko cha soketi. Ndani mlikuwa na vumbi na sisimizi waliokauka, na nyaya mbili nyembamba zilizotoka nje. Skrubu zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Waya mmoja ulikuwa umekatika pale ulipofungwa, unaning'inia tu.

Nilizishika nyaya zote mbili kwa vidole, zikanipiga shoti mpaka kwenye kiwiko. Nikaziachia. Nilipozigusa tena, zikanipiga tena. Nikakaa sakafuni nikiwaza: laini iliyokufa haipigi shoti, labda kuna mtu anatupigia. Nikampigia mama mdogo kwa simu yangu.

"Mama mdogo, umetupigia sasa hivi?"

"Napiga tangu juzi," alisema. "Inaita tu. Nikadhani mmenisusa."

Hasira iliyonipanda sikuielekeza kwa fundi peke yake. Watu wawili wazima walikuwa tayari kumnyamazisha mama yangu, na hakuna aliyejisumbua kulegeza skrubu.

Nilimpelekea mama ile soketi iliyooza. Nikamwambia karibu na sikio lake zima kwamba laini ni nzima, kibovu ni hiki. Akakipindua mkononi.

"Basi kalete kingine," alisema.

Maduka ya Kibondo hayakuwa nacho. Nikapanda basi hadi Kasulu. Muuza vifaa vya umeme, mzee wa kanzu, aliacha kufunga mzigo aliposikia ninachotaka.

"Simu ya mezani, binti yangu? Bado ipo?"

"Ipo, na itaendelea kuwepo."

Hakucheka. Akapekua nyuma ya maboksi ya swichi, akatoka na soketi iliyopauka mfuko, mpya ndani.

Nyumbani nilikata ncha za nyaya zilizooza, nikazimenya upya, nikazikaza kwenye skrubu mpya, nikafunga kifuniko. Nilipoinua mkonga, mlio ulikuwepo, mnene na mfululizo. Nilimpa mama asikilize mwenyewe. Akapiga namba ya Kasulu bila kuuliza.

Kaka aliingia wakiwa katikati ya maongezi. Alifungua mdomo, mama akamwinulia kiganja, naye akaketi kwenye stuli, kofia magotini.

"Nani amekuruhusu kufungua ukuta?" alininong'oneza.

"Mwenye simu."

Mama aligeukia dirishani, akamwuliza mdogo wake kwa sauti ya kusikika nyumba nzima kama mvua imeshafika huko, na tukakaa tukimsubiri amalize.